UCHANGANUZI: Filamu za kamera zarejea kama uraibu, hazina ya studio za zamani Nyeri isisahaulike

KUREJEA kwa kamera zinazotumia filamu, hasa mikononi mwa vijana waliozaliwa wakati simu tayari zilikuwa na kamera, ni jambo ambalo wafanyabiashara wa picha hawakulitarajia miaka 20 iliyopita.

Mnamo Januari 2006, kampuni ya Konica Minolta ya Japani ilitangaza kuwa inajiondoa katika biashara ya kamera na filamu. Mwezi uo huo, Nikon ikasema ingeacha kutengeneza aina nyingi za kamera zake za filamu. Mnamo 2008, Polaroid ilisitisha filamu zake za picha za papo kwa papo, na mwaka uliofuata Kodak ikaizika Kodachrome, filamu iliyokuwa sokoni tangu 1935.

Pigo kubwa zaidi lilikuja Januari 2012, Kodak yenyewe ilipoiomba mahakama ya Marekani iilinde dhidi ya wadai wake. Ajabu ni kwamba kamera ya kwanza ya kidijitali ilikuwa imeundwa na mhandisi wa kampuni hiyo hiyo, Steven Sasson, mwaka 1975.

Wahenga walinena kuwa ya kale hayako, na kwa muda ilionekana kana kwamba kauli hiyo ilitungwa kwa ajili ya filamu. Lakini Kodak ilitoka katika ulinzi wa mahakama 2013, na kufikia 2018 filamu ya Ektachrome, iliyokuwa imefutwa 2012, ilikuwa imerudi madukani. Leica iliirejesha kamera yake ya M6 mwaka 2022. Kiwanda cha Harman cha Uingereza, kinachotengeneza filamu za Ilford, kilitoa filamu mpya ya rangi Desemba 2023, nayo Pentax ikazindua kamera mpya kabisa ya filamu mwaka 2024.

Kampuni hizi hazirejeshi bidhaa kwa sababu ya mapenzi ya ukale. Huzirejesha kwa kuwa kuna wanunuzi.

Swali ni je, wimbi hili lina maana gani kwa mtaa kama Ruring'u, kilomita chache kutoka katikati ya mji wa Nyeri, au kwa miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya? Jibu la haraka ni kwamba halina maana kubwa, kwa kuwa ni mchezo wa wenye pesa. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila limekomea nusu ya njia.

Mvuto na gharama

Mvuto wenyewe si mgumu kuueleza. Roli ya kawaida ya filamu hutoa picha 36, na mpigaji hawezi kuiona hata moja kabla ya filamu kusafishwa. Kila anapobonyeza kitufe anatumia pesa. Kwa hivyo hulazimika kupima mwanga, kusimama vyema na kumsubiri anayepigwa atulie. Mtu aliyezoea kupiga picha 200 kwa simu katika harusi moja, na kutozitazama tena, huona katika filamu nidhamu aliyokuwa ameikosa.

Hata hivyo, nidhamu hiyo ina bei. Filamu haitengenezwi popote Afrika Mashariki, hivyo kila roli hutoka ng'ambo. Huko huuzwa kwa takriban dola 8 hadi 15 za Marekani, yaani kiasi cha Sh1,000 hadi Sh2,000 kabla ya usafirishaji na ushuru. Baada ya hapo kuna gharama ya kuisafisha na ya kuchapisha picha kwenye karatasi.

Kwa kibarua anayechuma kahawa katika mashamba ya Nyeri, roli moja ni malipo ya siku kadhaa za kazi. Si ajabu basi kwamba uraibu huu, kwa jinsi ulivyo sasa, hauwezi kuwa wa wengi.

Jambo moja huwapa nafuu wakazi wa maeneo ya mlima. Filamu ya rangi husafishwa katika dawa yenye joto la nyuzi 38 hivi, na kosa dogo huharibu rangi. Filamu nyeusi na nyeupe husafishwa katika nyuzi 20, na huvumilia makosa. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji ya bomba huko hayako mbali na kiwango hicho. Anayefanya kazi hiyo Mombasa hana budi kutafuta barafu ya kuyapoza maji yake, ilhali mwenzake wa Ruring'u huhitaji chumba kidogo kilichozibwa mwanga, kopo la kusafishia, kipimajoto na saa.

Anahitaji pia uangalifu. Dawa ya mwisho, ile inayoifanya picha idumu, hubaki na madini ya fedha baada ya kutumika, na haifai kumwagwa kiholela katika mitaro inayoelekea mito kama Chania.

Walakini, thamani ya uraibu huu kwa wakazi wa Nyeri haipo katika kamera mpya wala katika roli ghali. Ipo katika filamu ambazo zilipigwa na kusafishwa zamani, na ambazo zingali ndani ya mikebe, bahasha na masanduku.

Nani aliyeshika kamera

Historia ya picha katika eneo hili haitenganiki na swali la nani aliyeshika kamera. Mapema Februari 1952, Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alikuwa katika hoteli ya Treetops, msitu wa Aberdare, akiwarekodi ndovu kwa kamera yake ya sinema. Usiku huo babake alifariki naye akawa malkia. Miezi minane baadaye, Oktoba 20, serikali ya mkoloni ilitangaza Hali ya Hatari.

Baada ya tangazo hilo, kamera iligeuka kuwa chombo cha kudhibiti watu. Wakikuyu walioishi katika mashamba ya walowezi Bonde la Ufa walitakiwa kupigwa picha kwa ajili ya vitambulisho vipya. Wengi walikataa, na kukataa huko kulichangia kufurushwa kwao.

Kisha kuna picha ambayo karibu kila Mkenya ameiona. Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa Oktoba 21, 1956 katika eneo la Nyeri, akapigwa picha akiwa amelala kwenye machela, mikono ikiwa na pingu. Serikali ilieneza picha hiyo ili kuwavunja moyo waliobaki msituni. Kimathi alihukumiwa mjini Nyeri na kunyongwa katika gereza la Kamiti Februari 18, 1957. Mjane wake, Mukami Kimathi, alifariki Mei 2023 bila kupata nafasi ya kumzika mumewe.

Inasikitisha kwamba mtu aliyependwa na kuogopwa kiasi hicho anakumbukwa hasa kupitia picha iliyopigwa na waliomkamata. Mwenye kamera ndiye aliyeamua Kimathi aonekane vipi, na uamuzi wake umeishi muda mrefu kuliko utawala aliouhudumia.

Ruring'u yenyewe imo katika kumbukumbu hizo. Ni katika uwanja wa Ruring'u ambapo wapiganaji wa Mau Mau walitoka msituni Desemba 1963, siku chache baada ya bendera ya uhuru kupandishwa, wakasalimisha silaha zao mbele ya viongozi wa serikali mpya. Picha za matukio ya aina hiyo zilipigwa na wanahabari na maafisa wa serikali, nazo hurudiwa kila sikukuu ya kitaifa.

Lakini avumaye baharini papa, kumbe wengine wapo. Katika miaka iliyofuata, studio za picha zilifunguliwa Nyeri, Karatina, Othaya, Nanyuki, Kerugoya, Embu na Meru. Wateja wake walikuwa walimu, makarani, wakulima, wanafunzi waliomaliza shule na wachumba waliokuwa wakijiandaa kwa ruracio. Waliingia wakiwa wamevalia nguo zao bora zaidi, wakasimama mbele ya pazia lililochorwa, wakachagua wenyewe namna ya kuweka mikono na nani akae kando yao.

Hapo ndipo palipo na uzito wa suala hili. Katika picha ya kitambulisho cha mkoloni, mwananchi alipangwa. Katika picha ya studio, alijipanga. Aliyekatazwa kujiamulia makao na safari zake alikuja kujiamulia angalau sura ambayo wajukuu wake wangeiona.

Kinachobaki, kinachopotea

Mteja alikwenda nyumbani na picha ya karatasi, lakini studio ilibaki na negativu, yaani kile kipande cha filamu ambamo weupe huonekana mweusi na weusi huonekana mweupe. Picha ya karatasi hufifia, hulowa au huungua pamoja na nyumba. Negativu iliyosafishwa vizuri na kuhifadhiwa mahali pakavu penye baridi inaweza kutoa picha safi hata baada ya nusu karne.

Mfano bora umo humu nchini. Priya Ramrakha, mpiga picha aliyezaliwa Nairobi 1935, aliuawa Oktoba 1968 akiripoti vita vya Biafra nchini Nigeria. Kwa miongo kadhaa jina lake lilikuwa karibu kusahaulika, hadi hazina ya picha na negativu zake ilipopatikana katika gereji moja jijini Nairobi. Kutokana na masanduku hayo kulitengenezwa filamu ya maisha yake, na mwaka 2018 kikachapishwa kitabu. Laiti gereji hiyo ingefagiliwa na mtu mwenye haraka, Kenya ingempoteza Ramrakha mara ya pili.

Mohamed Amin, aliyeuonyesha ulimwengu njaa ya Ethiopia 1984 na kufariki katika ajali ya ndege Novemba 1996, alibahatika zaidi. Kazi yake ilitunzwa na familia na kampuni yake, na mwaka 2021 maelfu ya picha zake yaliwekwa katika intaneti ili kila mtu azione.

Kule Unguja, studio ya Capital Art, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilitunza picha za enzi ya masultani na za miaka ya mapinduzi. Nakala za picha hizo zimekuwa zikinunuliwa na wenyeji na watalii Mji Mkongwe. Hii ni ithibati kwamba negativu za zamani si takataka. Ni kumbukumbu, na pia zinaweza kumlisha anayezitunza.

Studio nyingi za miji ya mlima hazina mrithi wa namna hiyo. Ujio wa kamera za kidijitali, kisha simu, ulizinyima wateja. Mwenye studio anapozeeka au kuaga dunia, warithi huona masanduku yaliyojaa vumbi na chumba kinachoweza kukodishwa kwa duka la vocha au kinyozi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na negativu bila jina ni mali ya aina hiyo.

Wakati nao haungoji. Filamu za zamani zilizotengenezwa kwa asetati huanza kuoza zikiwekwa mahali penye joto na unyevu, hutoa harufu ya siki, hujikunja na hatimaye picha hubanduka. Dari lililo chini ya mabati, ambako familia nyingi huweka vitu visivyotumika, ndipo mahali pabaya kuliko pote. Hewa baridi ya Nyeri husaidia, lakini ukungu na mvua za masika huleta kuvu.

Kuna uozo mwingine ambao hauna dawa. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 wapiganaji walipokusanyika Ruring'u sasa amepita miaka 80. Yeye ndiye anayeweza kuitazama picha na kusema huyu ni nani, wa ukoo gani, na kwa nini alipigwa picha siku hiyo. Akiondoka, negativu hubaki na sura isiyo na jina.

Hoja ya wapinzani

Wapo watakaouliza kwa nini tuhangaike na filamu ilhali simu imempa kila mtu kamera. Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa. Simu imefanya jambo ambalo studio haikuweza, kwani hata mtoto wa kijijini leo ana picha nyingi kuliko babu yake alizopigwa maisha yake yote.

Lakini wingi si usalama. Simu huibwa, kadi za kumbukumbu huharibika, nywila husahaulika, na kampuni za mitandao hubadilisha masharti zipendavyo. Negativu haihitaji umeme wala nywila. Mtu akiinua kipande cha filamu dirishani, ataona kilichomo.

Na hapo ndipo uraibu unapokutana na uhifadhi. Anayejifunza kusafisha filamu hujifunza pia kuisoma negativu, kuishika kingoni bila kuacha alama za vidole, kuitambua ile inayooza na kuipiga picha upya kwa kamera ya kidijitali juu ya ubao wa mwanga. Ujuzi huo ulikuwa unatoweka pamoja na mafundi wa studio. Vijana wanaoutafuta kwa ajili ya burudani ndio pekee walio na hamu ya kuupokea kabla haujazikwa.

Sheria na wajibu

Hata hivyo, kuokoa picha bila kufikiria mwenyewe ni kuzua mgogoro mpya. Afrika Magharibi imekwisha kuonja. Seydou Keïta wa Bamako, Mali, alikuwa mpiga picha wa studio ambaye kazi yake ilikuja kutafutwa Paris na New York. Alipofariki 2001, kulizuka mvutano wa kisheria kuhusu nani mwenye haki ya negativu zake. Mwenzake Malick Sidibé alitunukiwa Simba wa Dhahabu katika maonyesho ya Venice mwaka 2007. Kutoka sanduku la vumbi hadi ukuta wa makumbusho ya Ulaya si mbali, na wanunuzi wanaijua njia.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huilinda picha kwa miaka 50, ikihesabiwa tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa, ilipofikishwa kwa umma au ilipochapishwa mara ya kwanza, kutegemea tarehe ipi ni ya mwisho. Sheria hiyo pia husema kwamba kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wa mtunzi, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, ila kama walikubaliana vingine. Kwa maneno mengine, mwenye studio anaweza kumiliki kipande cha filamu, lakini aliyelipia picha yake ana dai zito juu ya matumizi yake.

Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humpa mtu aliye hai haki juu ya taarifa zinazomtambulisha. Bibi aliyepigwa picha Karatina akiwa msichana hapaswi kushtukia sura yake ikiuzwa kwenye fulana.

Kikwazo hiki hakizuii kazi. Kinataka tu ifanywe kwa utaratibu: negativu zibaki na familia zenye studio au ziwekwe amana kwa maandishi, nakala zifanywe, majina yaandikwe, na wahusika au jamaa zao waulizwe kabla ya picha kuanikwa.

Mahali pa kuanzia papo. Makumbusho ya Nyeri yako papo hapo Ruring'u, ndani ya jengo lililojengwa 1924 kuwa mahakama ya Waafrika chini ya serikali ya mkoloni. Jengo ambalo wenyeji walihukumiwa humo linafaa kuwa jengo ambalo sura zao, walizozichagua wenyewe, zinatunzwa humo.

Wajibu huo si wa serikali kuu peke yake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linataja maktaba na makumbusho miongoni mwa majukumu ya kaunti. Kabati kavu, bahasha za karatasi zisizo na asidi, kamera moja ya kidijitali, ubao wa mwanga na vijana wawili waliofunzwa si mradi wa mamilioni. Mji wa Nyeri una Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, ambacho wanafunzi wake wanaweza kuunda orodha ya kidijitali inayohitajika. Vyama vya wapiga picha wa uraibu, badala ya kupiga picha za ukungu wa mlima pekee, vinaweza kutenga Jumamosi moja kila mwezi kwa kuzinakili negativu za studio moja.

Familia nazo zisingoje. Mwenye sanduku la negativu asilioshe kwa maji wala kulikabidhi kwa mgeni anayeahidi pesa za haraka. Alitoe darini, aliweke mahali pakavu penye giza, kisha akae na wazee akiwa na kalamu.

Bei ya roli mpya itaamuliwa Marekani, Uingereza na Japani, na huenda wimbi hili la filamu likapungua tena kama lilivyowahi kupungua. Likipita kabla ya masanduku ya Nyeri, Karatina na Nanyuki kufunguliwa, vijana watabaki na kamera nzuri za kupamba rafu, na jamii itabaki na picha ya Kimathi kwenye machela, iliyopigwa na waliomtia pingu.